Swali la Ishirini na Tatu

Kishikwambi kiliuliza: paa la nyumba ni la nini?
Majibu yalikuwa matatu: nyasi, bati, vigae.
Nikainua macho, nikaona bati,
nikagusa bati.
Kidole changu kilikuwa laini, kidole cha karani.

Cha kwake, Bi Somoe Chinduli wa Kitangari,
hakikuwa na mistari.
Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho,
mafuta ya ganda yamekula ngozi
hadi kidole kimesahau ni cha nani.
Nilimbonyeza gumba kwenye kioo mara tatu, mara nne,
nikalifuta kwa pindo la kitenge chake, nikalipuliza.
Mashine ikaandika: hatambuliki.
Mtu haikumjua.
Paa lake ililijua mara moja.

Bati limetoka wapi, sikuulizwa, nami sikuandika,
ingawa nalijua, kila mtu hapa analijua.
Ulikuwa mwaka wa bei nzuri, Kitangari nzima inanuka rangi mpya,
na Mchopa, mumewe, akashuka Masasi
akarudi amekaa juu ya lori la chumvi,
ameyakumbatia mabati kumi na manne kama mgonjwa aliyepona.
Aliyapigilia mwenyewe, misumari mdomoni.
Msimu wa tatu salfa ilimkaa kifuani.
Akaacha mabati, wajukuu wanne,
na mikorosho kumi na mmoja, minane yake
iko rehani kwa mtu wa Tandahimba.

Swali la rehani halimo.
Halimo la maji, ndoo shilingi mia tano
ikishafika huku juu uwandani.
Halimo la ming'oko,
ambayo stendi ya Mtwara huliwa kwa pilipili, kwa kicheko,
na kwake ni Jumatatu, ni Jumanne, ni Jumatano.

Barua ikaja. Mjukuu, Muhidini, akamsomea:
Hongera. Kaya yako imehitimu.
"Nimehitimu nini?" akauliza.
"Mimi hata darasa la kwanza sijalikanyaga."

Siku ya malalamiko tulikaa ofisi ya kata,
Bwana Mratibu, mwenyekiti Nalyoto, na mimi na daftari.
Tulimsikia kabla ya kumwona:
kitu kinagonga fremu ya mlango, kinalia kama radi ndogo.
Bi Somoe aliingia kiubavu, bati kichwani,
bado lina misumari miwili ya Mchopa.
Akalilaza mezani, juu ya mafaili yetu, juu ya chai ya Mratibu.

"Hili ndilo lililonifuta," akasema.
"Lipikeni. Mimi nitasubiri hapo nje.
Likiiva niiteni na watoto."

Hakuna aliyecheka. Nalyoto aliangalia viatu vyake.
Mratibu akasema mwongozo, akasema makao makuu,
akasema mama, hata sisi tunaumia,
na chai ikawa inatiririka taratibu chini ya bati
ikilowesha orodha.

Nikachukua kalamu. Kishikwambi hakina pembizo,
lakini karatasi inayo.
Niliandika hadi nafasi ikaisha, nikageuza nyuma:
rehani, salfa, ndoo, gumba, nani alinunua na lini.
Mkono ulitetemeka; mkataba wangu unaisha Juni.
Mratibu alisoma, akasoma tena,
akagonga muhuri bila kuniangalia.
Majibu ni siku arobaini na tano za kazi.

Bati limebaki ofisini. Ni kielelezo, wamesema,
lisiguswe.
Leo usiku mvua imeanza, ile ya kwanza, yenye matone mazito.
Mabati kumi na matatu yanaimba huko kwake,
na palipokuwa la kumi na nne
najua kuna sufuria sakafuni,
najua kuna mtoto amesogezwa ukutani.

Nimelala chini ya paa langu.
Ni la bati pia.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.